Bidhaa zenye jina la duka: ubora wake, na thamani yake zikishafika Mtwara

Swali: Msomaji mmoja anayekaa Likombe, Mtwara, anaandika: "Shikamoo mtaalamu. Mwenzetu mmoja katika kikoba ana shemeji yake Marekani ambaye humtumia boksi la vitu kwa njia ya meli: korosho za kopo, mafuta ya zeituni, vitamini, dawa za maumivu, betri na nepi. Karibu vyote vimeandikwa Kirkland Signature, nasi hatujawahi kusikia kiwanda chenye jina hilo. Jirani yetu anadai hizo ni bidhaa za daraja la chini zinazouzwa kwa mafungu kwa watu wasio na uwezo. Mama mwingine anaziuza hapa mjini kwa bei kubwa na kusema hakuna zinazozishinda. Sasa tunafikiria kuchanga fedha za msimu wa korosho ili tuagize boksi letu wenyewe. Je, ubora upo kweli? Na faida ipo?"

Jibu: Marahaba, dada. Majirani zako wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Nitaanza na suala la jina, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu wengi.

Hapa kwetu tumezoea kwamba jina lililo kwenye pakiti ni la mwenye kiwanda. Ukinunua unga wa Azam unajua kwamba nyuma yake wapo Bakhresa, na ukiona kasoro unajua lawama uzielekeze wapi. Kirkland Signature haiko hivyo. Ni jina la duka. Mwenye jina ni Costco, kampuni ya Marekani inayoendesha maduka makubwa mfano wa maghala, ambamo bidhaa hupangwa zikiwa bado katika mabunda yake na ambamo huwezi kununua bila kadi ya uanachama. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1995, na limetokana na mji wa Kirkland katika jimbo la Washington, ambako makao makuu ya kampuni yalikuwa wakati huo. Washindani wao, Sam's Club, wana jina lao pia, Member's Mark. Costco haina duka hata moja barani Afrika, kwa hiyo kila kopo la Kirkland mnaloliona Mtwara limeletwa na mtu binafsi au na mfanyabiashara aliyelinunua kwingine.

Duka la namna hii huandika masharti ya bidhaa linayoitaka: ukubwa, viungo, kiwango cha unyevu, aina ya kifungashio, vipimo vya maabara. Kisha hutafuta kiwanda kitakachoitengeneza kwa masharti hayo na kwa bei waliyokubaliana, na jina linalobandikwa huwa la duka. Ndiyo maana nyuma ya pakiti utakuta maneno ya Kiingereza "Distributed by", yaani imesambazwa na, bila jina la kiwanda. Mara chache siri huvuja au hutangazwa kwa hiari. Kwa miaka kadhaa pakiti za kahawa ya Kirkland ziliandikwa waziwazi kwamba zimekaangwa na Starbucks, na uongozi wa Costco umewahi kuthibitisha kwamba betri zake hutengenezwa na Duracell. Hata hivyo nakusihi usilivute jambo hili kupita kiasi, maana watu wengi husikia habari ya betri na kahawa wakahitimisha kwamba kila kitu ndani ya boksi ni kitu kilekile cha jina kubwa kilichovalishwa nguo nyingine. Kiwanda kimoja kinaweza kutengeneza bidhaa mbili kwa mapishi mawili tofauti, na duka linaweza kuhamisha kazi kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine bila kubadili hata herufi moja ya lebo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni duka gani linasimama nyuma ya bidhaa, na linaogopa nini likikuuzia kitu kibovu.

Hapo ndipo hesabu ya Costco inapokuwa ya kipekee. Duka hilo huweka kikomo cha faida juu ya bei ya kununulia: takriban asilimia 14 kwa bidhaa zenye majina ya wengine, na asilimia 15 kwa zile za jina lake. Linauza aina za bidhaa zisizofika 4,000, ilhali supamaketi ya kawaida ya Marekani huuza makumi ya maelfu, na kwa kuwa kila aina hununuliwa kwa wingi mno, kiwanda hukubali bei ya chini. Halitumii fedha nyingi kwenye matangazo. Sehemu kubwa ya faida yake hutokana na ada ya uanachama, ambayo tangu Septemba 2024 ni dola 65 kwa mwaka kwa kadi ya kawaida. Mwanachama akichukizwa na kopo moja la korosho akaacha kuhuisha kadi yake, duka limepoteza zaidi ya lililochuma kwenye kopo hilo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Costco ni kweli kwa kiasi, ila nadhani ingefaa kuongeza kwamba chema hicho kimebanwa na hofu ya kupoteza ada.

Kutokana na hayo, dai la jirani yako wa kwanza halisimami. Anayenunua humo ni mtu mwenye kadi ya kulipia, gari la kubebea mzigo, friji kubwa na mahali pa kuweka karatasi za chooni za miezi mitatu. Maskini wa Marekani hununua kidogokidogo duka la jirani, kwa bei kubwa zaidi kwa kila kilo, kama ambavyo maskini wa Mtwara hununua mafuta ya kupima.

Sasa tuangalie korosho, kwa kuwa katika boksi lote hiyo ndiyo bidhaa ambayo mtu wa Kusini anaweza kuihukumu kwa macho yake bila kumtegemea mtaalamu yeyote. Korosho zilizobanguliwa huuzwa duniani kwa madaraja, na madaraja ya korosho nzima nyeupe huandikwa kwa herufi W ikifuatiwa na namba. Namba hiyo ni idadi ya juu ya korosho katika pauni moja, yaani gramu 454. W320 inamaanisha korosho 300 hadi 320 kwa pauni. W240 ni 220 hadi 240, nazo ni kubwa na ghali zaidi. W180 ni kubwa zaidi ya hizo. Fungua kopo la shemeji, mimina korosho kwenye sinia, pima gramu 454 kwa mizani ya jikoni, kisha hesabu. Tenga pembeni zilizovunjika, zilizogawanyika nusu mbili, zenye mabaki ya ganda jembamba la ndani na zenye madoa meusi. Kumbuka kwamba zilizokaangwa zimepungua maji, kwa hiyo idadi katika pauni itapanda kidogo kuliko ingekuwa kabla ya kukaangwa. Kopo zuri la jina la duka likipimwa hivyo litakuonyesha korosho nzima zinazolingana ukubwa, vipande vichache chini, na rangi isiyorukaruka kutoka nyeupe hadi kahawia. Ulinganifu huo ndio hasa unaolipiwa. Si kwamba ni tamu kuliko za akina mama wanaochoma na kuuza hapo mjini. Ni kwamba kopo la leo litafanana na la mwaka kesho.

Lakini angalia njia iliyopitwa. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ghafi za Mtwara, na baadaye za Lindi, zimekuwa zikiuzwa minadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, na vyama vikuu kama TANECU na MAMCU, na sehemu kubwa imekuwa ikiondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Vietnam ndiyo inayoongoza kuiuzia Marekani korosho zilizobanguliwa. Korosho ya kopo haina kijiji, kwa kuwa viwanda vya kubangua huchanganya ghafi za nchi nyingi, za Afrika Magharibi na za kwetu. Hata hivyo inawezekana kabisa kwamba mkulima wa Newala ameuza ghafi, ghafi ikabanguliwa Vietnam, ikakaangwa na kutiwa chumvi Marekani, kisha ikapanda meli tena na kurudi Mtwara ikiwa zawadi ya shemeji. Kama zawadi, ishukuriwe. Kama biashara ya kikoba, ni kichekesho. Kila aliyeishika njiani amekata chake, na mafuta yaliyomo ndani ya korosho yamezidi kuzeeka. Tafuteni kikundi cha ubanguaji hapo mkoani, muulize daraja, muhesabu kama nilivyoeleza, na mtapata korosho mbichi zaidi kwa fedha hiyohiyo au pungufu yake.

Hilo la kuzeeka linatufikisha kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la msingi katika swali lako. Anayenunua bidhaa ya jina la duka ndani ya duka lenyewe hulipia vitu vitatu kwa pamoja. Cha kwanza ni kile kilichomo ndani ya kopo. Cha pili ni mzunguko wa haraka wa bidhaa: kwa kuwa watu ni wengi na aina ni chache, kopo halikai rafuni muda mrefu. Cha tatu ni dhamana: Costco hurudisha fedha kwa karibu kila kitu ambacho mwanachama hakuridhika nacho, na kwa kuwa kadi hutunza kumbukumbu ya kila alichonunua, duka linaweza kumtafuta pale inapogundulika kasoro. Mwaka 2024, kwa mfano, zaidi ya pauni 79,000 za siagi ya Kirkland ziliondolewa sokoni kwa sababu lebo ilitaja krimu lakini haikutamka wazi kwamba bidhaa ina maziwa. Mtu anaweza kucheka kwamba nani asiyejua siagi ni maziwa, lakini sheria ya mzio wa chakula haina utani, na utaratibu ulifanya kazi yake. Sasa jiulize: katika vitu hivyo vitatu, ni vingapi vinapanda meli? Ni kile kilichomo ndani ya kopo peke yake. Mzunguko wa haraka hugeuka kuwa wiki nyingi za kontena, ghala la Dar es Salaam na basi. Dhamana hubaki kwa mwenye kadi. Kopo likiondolewa sokoni huko, hakuna atakayewapigia simu Likombe.

Kwa hiyo mama anayeuza hapo mjini anapowaambia kwamba bidhaa hizi hazina mfano, anatumia sifa zilizojengwa na vitu vitatu kuuza kimoja. Huenda bidhaa yake ni halali na nzuri, na sina sababu ya kumshuku. Lakini dhamana yoyote mtakayopata ni ile yake yeye, si ya Costco, na inafaa mumuulize kabla ya kulipa: nikikuta zimechacha, utanirudishia? Tazameni pia kama karatasi ya foili chini ya kifuniko haijaguswa, kwa maana kopo zuri la plastiki lenye jina kubwa hujazwa tena kwa urahisi. Chakula kinacholetwa nchini kwa ajili ya kuuzwa kinapaswa kupitia kwa TBS, ambao ndio wasimamizi wa usalama wa chakula tangu mwaka 2019, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa ilipobadilishwa kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Muuzaji anayefuata utaratibu hatachukia kuulizwa.

Lebo zenyewe zina mitego miwili. Wamarekani huandika mwezi kwanza, halafu siku. Tarehe 04/07/26 kwetu ni tarehe 4 Julai. Kwao ni tarehe 7 Aprili, na mtu wa Mtwara anaweza kudhani amebakiwa na miezi mitatu ambayo haipo. Mtego wa pili ni vipimo: wakia moja ni takriban gramu 28, na wakia ya ujazo, inayotumika kwa vimiminika, ni takriban mililita 30. Tafuteni uzito wa gramu au ujazo wa mililita, ambao huandikwa karibu na wakia, na muutumie huo kila mnapolinganisha bei. Kopo la korosho la pauni mbili na nusu ni kilo 1.13. Tuseme linauzwa TSh 60,000: hiyo ni takriban TSh 53,000 kwa kilo. Hapo ndipo mnaweza kuilinganisha na bei ya kikundi cha ubanguaji, na si kabla.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali kidogo. Dawa za maumivu za Kirkland si hafifu. Sheria ya Marekani huitaka dawa ya jina la duka iwe na kiambato kilekile kwa kiasi kilekile kilichoandikwa. Tatizo liko kwingine. Chupa kubwa yenye mamia ya vidonge imeandikwa "acetaminophen", neno ambalo mama wa nyumbani hapa halijui, ilhali ni paracetamol, ileile ya Panadol. Mtu mwenye homa hunywa Panadol aliyopewa dukani, akaona haijamtuliza, akaongeza "ile ya Marekani" akidhani ni dawa nyingine, na pengine juu yake dawa ya mafua ambayo nayo ina kiambato hichohicho. Kwa mtu mzima kiasi kisichopaswa kuzidi kwa saa 24 ni gramu 4, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na kuzidisha kunaharibu ini kimyakimya, kwa sababu dalili huchelewa kuonekana. Msiziweke dawa katika boksi la kikoba. Kuzigawana bila lebo ndani ya karatasi ni hatari, kuziuza bila kibali ni kosa, na paracetamol yenyewe si ghali hapa nchini hata muhangaike nayo kutoka ng'ambo.

Vitamini ni habari tofauti, na ndiyo sehemu ya boksi ninayoiona ina thamani ya kweli. Katika soko la virutubisho la Marekani mtengenezaji hahitaji kuthibitisha ubora kwa serikali kabla ya kuuza, kwa hiyo alama ya mkaguzi wa nje ina uzito. Vitamini kadhaa za Kirkland hubeba alama ya USP, taasisi inayoweka viwango vya dawa, ambayo huonyesha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo, kwamba kidonge huyeyuka inavyopaswa, na kwamba hakina uchafu uliozidi viwango. Alama hiyo haisemi kwamba mwili wako unavihitaji. Mjamzito asinywe mchanganyiko wowote wa vitamini aliotumiwa bila kuuonyesha kliniki, hasa wenye vitamini A nyingi, kwani ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Vile vya mfano wa peremende msiviagize kabisa; kwa joto la pwani yetu hushikamana vikawa bonge moja.

Mafuta ya zeituni ni mfano mzuri wa bidhaa iliyo bora inapotoka na yenye mashaka inapofika. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, kilipima mafuta ya zeituni yaliyouzwa kama ya daraja la juu kabisa, na zaidi ya theluthi mbili ya sampuli za majina yaliyoagizwa kutoka nje ya Marekani hazikufikia daraja hilo. Yale ya Kirkland yaliyolimwa bila kemikali yalikuwa miongoni mwa yaliyofaulu. Ni sifa ya haki. Lakini maadui wa mafuta ni joto, mwanga, hewa na muda, na boksi la meli lina joto na muda kwa wingi. Nisingeyalipia kwa bei ya daraja la juu baada ya safari hiyo. Kwa kukaangia samaki, alizeti nzuri ya Singida inawatosha.

Nepi ni bidhaa nzuri na uwekezaji mbaya. Maboksi ya meli mara nyingi hutozwa kwa ukubwa wake na wala si kwa uzito, na nepi ni nyepesi na za kujaza nafasi. Nusu ya nauli mtaitumia kusafirisha hewa. Betri ni kinyume chake. Ni ndogo, nzito, hazichachi, na zile za alkali hukaa kwenye tochi muda mrefu kuliko betri za bei ya chini zinazovuja na kuharibu kifaa. Ziwekeni.

Nimekwisha kueleza ninachofikiri kuhusu boksi. Lakini swali lako lina upande mwingine ambao hukuuuliza moja kwa moja, nao ni kwamba mmetaja fedha za msimu. Mkulima wa korosho hupata fedha nyingi katika miezi michache, kuanzia Oktoba na Novemba minada inapoanza, kisha hukaa muda mrefu akinunua kwa vipimo vidogo. Kwa mtu wa aina hiyo kununua kwa jumla kuna maana kubwa kuliko kwa mwenye mshahara wa kila mwezi. Zaidi ya hayo, Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mikoa ya Lindi na Mtwara ilibaki ikisubiri malori, na waliokuwa na kiroba cha mchele na dumu la mafuta ndani waliipita adha ile kwa utulivu kuliko wengine. Kuweka akiba huku Kusini si ulafi.

Hata hivyo hesabu ya jumla ina meno mawili. Tuseme dumu la lita 20 la mafuta ya kula ni TSh 110,000, yaani TSh 5,500 kwa lita, na lita moja dukani ni TSh 6,000. Kwa dumu zima umeokoa TSh 10,000. Ukimwaga au kuharibu lita mbili tu, umepoteza TSh 11,000 na akiba yote imekwenda. Na si lazima yamwagike: mpishi mwenye dumu jikoni mkono wake huwa mwepesi kuliko mwenye kichupa, na nimeona nyumba nyingi ambako dumu la miezi miwili limeisha kwa mwezi mmoja na nusu bila mtu kujua yalikopita. Dawa yake ni kuyagawa siku ileile yanapofika katika madumu madogo ya lita tano au tatu yaliyooshwa na kukauka kabisa, kuyajaza hadi shingoni ili hewa iwe kidogo, kuyafunga vizuri na kuyaweka gizani mbali na jiko. Linalotumika ni moja.

Sukari, chumvi, sabuni ya kufulia na mchele mkavu hustahimili. Unga wa ngano haustahimili sana, kwa sababu unyevu wa pwani huugandamanisha na wadudu huingia. Nunueni wa mwezi mmoja. Karanga na mahindi msiyarundike kwenye chumba chenye unyevu hata kama bei inashawishi, maana sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa.

Kwa hiyo nionavyo, kitu cha thamani mnachoweza kukichukua kutoka maduka hayo ya maghala ni utaratibu wake, ambao hauhitaji meli. Kikoba chenu tayari kina uanachama, michango na daftari. Chagueni bidhaa tano au sita ambazo kila nyumba inazitumia, msizidishe. Andikeni masharti kama wanavyoandika wao: mchele wa daraja fulani usio na chenga zaidi ya kiasi fulani, mafuta yenye nembo ya TBS na tarehe ya mwisho isiyopungua miezi kadhaa mbele, sabuni ya kipande cha gramu kadhaa. Nendeni kwa wauzaji wa jumla wawili au watatu na masharti hayohayo, kwa idadi ya nyumba zote kwa pamoja, na mlinganishe bei kwa kilo na kwa lita. Pimeni kiroba kabla hakijatoka dukani, kwa kuwa kiroba cha kilo 25 kilichoshonwa upya huweza kuwa na 23. Gawaneni kwa mizani, si kwa kisado, kwani kisado hupendelea anayekishika. Kisha mfanyeni muuzaji akubali mapema, mbele ya mashahidi wawili, kwamba mfuko utakaokutwa na wadudu au uliolowana utarudishwa. Wengi watakubali, kwa sababu mteja mmoja wa viroba ishirini ana sauti ambayo wateja ishirini wa kiroba kimoja hawana.

Na boksi la shemeji lije, lakini liwe la vitamini zenye alama ya USP kwa wanaozihitaji, na betri. Mwambieni kabla hajalipa apige picha ya upande wa nyuma wa kila kopo, panapoonekana viambato, gramu na tarehe, aitume kwenye simu ya mwenzenu. Mkiisoma mkaona tarehe ya mwisho iko chini ya mwaka mmoja tangu siku hiyo, mwambieni alirudishe rafuni.